Plei kwenye mihimili ya CNC ndogo: inakojificha na namna ya kuibana

Chora duara la kipenyo cha milimita 40, lichonge kwenye kipande cha alumini, kisha pitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo wake. Kwenye mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, yenye plei (mwanya unaoiacha meza icheze), ukucha utasita mahali panne: kulia, kushoto, mbele na nyuma. Ukikiinamisha kipande kwenye mwanga utaona kwamba duara lina mabapa manne mafupi, na kila bapa linaishia kwenye kijikona.

Hapo ndipo mhimili mmoja unapogeuza mwelekeo. Kikatio kikifika mwisho wa kulia, X, mhimili wa kulia na kushoto, inatakiwa iache kwenda kulia na ianze kurudi. Mota inageuka kweli, skrubu inazunguka kweli, lakini meza imesimama, maana skrubu inabidi kwanza imalize nafasi tupu iliyopo kati ya meno yake na meno ya nati. Y, mhimili wa mbele na nyuma, haina habari na hayo, inaendelea na safari yake. Matokeo yake ni mstari ulionyooka mahali palipotakiwa kuwa na tao.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha nusu kipenyo kwa mwanya, zidisha tena kwa mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Nusu kipenyo cha milimita 20 na mwanya wa milimita 0.15 hutoa bapa la karibu milimita 2.4. Mwanya wenyewe ni unene wa karatasi moja na nusu ya kawaida, lakini alama yake inaonekana hata na asiye fundi.

Dereva yeyote anaijua hali hii. Usukani unaouchezesha kushoto na kulia bila tairi kusikia, fundi atakwambia una plei. Wengine huita baklashi. Ni kitu kimoja, na kwenye CNC inauma zaidi kwa sababu kompyuta haina mkono wa kuhisi kwamba usukani haujashika. Mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, yenye hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8, na kufungwa kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, inapiga hatua za milimita 0.003 hivi. Kwa plei ya 0.15, hatua 48 zinapotea kila mhimili unapogeuka, na skrini inaendelea kuonyesha namba nzuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla ya kulaumu plei, hakikisha ni yenyewe. Kosa la plei halijilimbikizi: peleka meza mbali, irudishe, na ukiifikia sehemu ile ile kutoka upande ule ule, utaikuta palepale. Mota inayopoteza hatua huongeza kosa kila mzunguko, na mwisho wa kazi kikatio hakirudi kilipoanzia. Kosa linalokua kadiri unavyokwenda mbali, mfano 0.1 kwenye milimita 100 na 0.2 kwenye 200, ni la hesabu ya hatua kwa milimita au la skrubu yenyewe. Nimewaona watu wakibadilisha nati kwa tatizo lililokuwa la namba moja kwenye mipangilio.

Mnyororo, na mahali unapolegea

Kosa kubwa ninaloliona, na nililifanya mwenyewe, ni kudhani plei inakaa kwenye nati tu. Kati ya mota na kikatio kuna mnyororo mrefu: kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na skrubu), skrubu, beringi zinazoishika skrubu isisogee mbele na nyuma, hauzingi (nyumba) ya beringi, nati, kishikio cha nati, meza, na njia ambazo meza inatelezea. Kila kiungo kinaweza kuchangia chake. Saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale unaoonyesha mwendo mdogo sana, inakuonyesha jumla, haikutajii wachangiaji.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na plei ya milimita 0.18 kwenye X. Nikanunua nati ya shaba, nikaifunga, nikapima: 0.17. Nikaagiza nyingine ya plastiki ngumu. 0.15. Siku ya tatu, kwa hasira tu, nikashika ncha ya skrubu kwa vidole na kuisukuma na kuivuta. Ikasogea! Skrubu nzima ilikuwa inaelea ndani ya beringi zake, na nati zote mbili nilizonunua zilikuwa zinasafiri nayo. Nilikaza nati ya kufungia beringi robo mzunguko, plei ikashuka hadi 0.05.

Kwa hiyo kwanza tenganisha. Unahitaji saa ya kupimia yenye mgawanyo wa milimita 0.01 na kishikio cha sumaku. Weka sumaku kwenye kichwa cha mashine au kwenye mwili wake, ncha ya saa iguse meza karibu na kimo cha skrubu. Ukiigusisha juu sana utapima pia meza inavyoinama, na namba itakudanganya.

Sogeza meza upande mmoja milimita kadhaa ili mianya yote ifungwe, kisha weka saa kwenye sifuri. Endelea mbele milimita moja, rudi milimita moja. Saa ikikosa sifuri kwa 0.12, hiyo ndiyo plei ya jumla. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni kugeuza mwelekeo kwa hatua za 0.01 na kuhesabu: moja, mbili, tatu, mshale umelala, nane, tisa, sasa unaamka. Rudia katikati ya safari na karibu na ncha zote mbili. Skrubu iliyotumika huwa imelika katikati, ambako kazi nyingi hufanyika, kwa hiyo namba hazitafanana.

Sasa mashine ikiwa imewashwa na mota zimeshika, sukuma meza kwa kiganja, vuta, sukuma. Angalia mshale kwa makini, kwa sababu kuna aina mbili za mwendo. Wa kwanza ni mshale unaoruka kwa nguvu ndogo sana kisha unagonga ukuta: hiyo ni plei. Wa pili ni mshale unaosogea kidogo kidogo kadiri unavyoongeza nguvu na kurudi ukiachia: hicho ni chuma kinachopinda kama springi, na hakuna nati itakayokiponya. Mashine ndogo zina vyote viwili. Ukivichanganya utakaza kitu mpaka ukivunje.

Baada ya hapo hamisha saa. Weka gololi ndogo kwenye kishimo cha katikati cha ncha ya skrubu, ishikwe na grisi kidogo, ncha ya saa ikae juu ya gololi. Sukuma tena meza. Mshale ukisogea, skrubu inaelea. Usiposogea, na meza inacheza, shida iko kwenye nati au kishikio chake. Weka saa kwenye kishikio, rudia, utajua. Dakika kumi za kuhamisha saa zinakuokolea nati mbili.

Anza na beringi

Kwenye mashine nyingi ndogo za kuchora na kuchonga, hakuna beringi za kuzuia skrubu isiende mbele na nyuma. Skrubu imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, mara nyingi kwa kapulingi ya alumini iliyokatwa mzunguko kama springi. Kila nguvu ya kikatio inaishia ndani ya mota, na ndani ya mota ya stepa kuna washa ya mawimbi inayobana beringi zake. Ukisukuma shafti kwa nguvu ya kutosha, washa hiyo inalala na shafti inaingia. Ongeza na kapulingi inayojibana na kujivuta kama kodioni. Hata uweke nati ya aina gani, mhimili huo utacheza.

Dawa ni kuishika skrubu yenyewe kwenye bamba imara, iwe na beringi mbili zinazosukumana. Kwenye mashine nyepesi, beringi mbili za kusukumia, moja kila upande wa bamba, zinatosha. 51100 ni ya shafti ya milimita 10. Kwenye mashine nzito kidogo, jozi ya beringi za mguso wa pembe zikipeana mgongo ndiyo chaguo bora. Kuna hauzingi zinazouzwa tayari, kama BK12 ya skrubu ya milimita 16, lakini ifungue uangalie ndani. Nyingine zina beringi za kawaida za mfereji, ambazo zina mwanya wao wa kuzaliwa nao.

Kukaza beringi hizi kunahitaji subira. Nati ya kufungia inakazwa mpaka skrubu isisogee hata kidogo kwenye saa, halafu inaongezwa kidogo sana, ili gololi ziwe zimebanwa hata pasipo kazi. Zungusha skrubu kwa vidole: iwe na uzito laini, sawasawa mzunguko mzima. Ikikwaruza au ikiwa nzito upande mmoja, umepita kiasi au bamba limekaa mshazari. Nati moja peke yake italegea kwa mtikisiko ndani ya wiki, kwa hiyo weka mbili zibanane, au yenye pete ya nailoni.

Kapulingi yenyewe ni jambo dogo mara beringi zikishaibeba nguvu. Angalia skrubu ndogo za kubania. Kama shafti haina bapa la kukaa skrubu hiyo, piga tupa kidogo upate bapa, au tafuta kapulingi inayobana kwa kukumbatia shafti nzima.

Njia za meza

Mashine yenye njia za kutelezea zilizochongwa mshazari ina ulimi wa chuma unaoitwa gibi, unaobanwa na skrubu kadhaa pembeni. Gibi ikilegea, meza inajipinda kushoto na kulia kila mwelekeo ukigeuka, na saa inaandika plei ambayo haipo kwenye skrubu kabisa. Dalili yake ni namba inayobadilika unapoigusisha saa kwenye ncha ya meza badala ya katikati.

Kishawishi ni kuikaza sana. Gibi iliyobana mno inaizuia meza mpaka skrubu ijikunje kidogo na kujaza nguvu, kisha meza inaruka. Kwenye saa inaonekana kama plei, na ukiongeza kukaza inaongezeka, jambo linalowachanganya wengi. Nusu ya mashine ndogo ninazozishika huwa na gibi zilizokazwa kwa hasira. Legeza, safisha unga wa chuma, weka mafuta ya njia za mashine, daraja 68 linafaa, sio grisi nzito inayokusanya vumbi. Kisha kaza skrubu moja moja, kuanzia katikati, ukizungusha gurudumu la mkono kila mara.

Nati sasa

Ukishajua kwamba kilichobaki ni cha nati, kuna njia kadhaa, na si zote zinastahili pesa yako.

Skrubu ya trapeza, yenye meno ya pembe ya digrii 30, inahitaji mwanya mdogo ili izunguke na ipate mafuta. Njia ya kizamani ni kuipasua nati kwa msumeno upande mmoja na kuweka skrubu ya kuibana ifumbe. Ni rahisi na inafanya kazi vizuri kwenye bronzi, ingawa inagusa meno kwa sehemu tu, kwa hiyo italika na utairudia. Nati mbili ni bora: moja imefungwa kwenye meza, ya pili inazungushwa kidogo mpaka igande kwenye upande wa pili wa meno, kisha inafungwa hapohapo. Moja inasukuma ukienda, nyingine inasukuma ukirudi.

Wengi huweka springi kati ya nati hizo mbili, na mashine za bei nafuu huja hivyo. Springi ina kasoro ambayo haisemwi sana: inashikilia mpaka nguvu yake tu. Ikiwa springi inasukuma kwa kilo 3 na kikatio kikavuta kwa kilo 5, springi italala na plei itarudi wakati ule ule unapokata. Meza ikiwa tupu saa itakuonyesha sifuri nzuri ya kupiga picha. Kwa kuchora kwenye mbao springi hiyo inatosha. Kwa alumini ninapendelea washa za kisahani, ambazo ni ngumu zaidi, au nati mbili zilizofungwa kabisa.

Plastiki ya asetali ni rafiki mzuri wa mashine ndogo. Kuna ujanja wa kuutengeneza uzi wa nati moja kwa moja juu ya skrubu: kipande cha asetali kilichopasuliwa katikati kinawekwa juu ya skrubu, skrubu inapashwa moto kwa hewa moto, na klempu inaendelea kubana plastiki ikilainika mpaka ichukue umbo la meno yenyewe. Nati hiyo inakaa kwenye skrubu hiyo moja kama ngozi. Nilipoijaribu mara ya kwanza niliharakisha, nikapasha moto kupita kiasi, na nikatoa kitu kama pipi iliyoyeyuka. Asetali ikichomwa hutoa moshi mbaya wa fomaldehidi, kwa hiyo fungua madirisha na usiizidishie moto.

Chochote utakachofanya, kumbuka ule uchakavu wa katikati. Ukibana nati mpaka plei iishe katikati ya skrubu iliyolika, itakwama ikifika nchani. Unarekebisha kwa sehemu iliyo nzima zaidi na kuvumilia kidogo katikati, au unabadilisha skrubu.

Skrubu ya gololi, ambayo nati yake inabingirika juu ya gololi, ndiyo jibu ambalo kila mtu hulitamani. Ukubwa wa 1605, yaani kipenyo 16 na mwendo wa milimita 5 kwa mzunguko, umeenea sana. Ila daraja linaloandikwa kwenye skrubu hizi, kama C7, linahusu usahihi wa mwendo wake, milimita 0.05 kwa kila milimita 300, na halisemi lolote kuhusu plei. Nati moja isiyobanwa inaweza kuja na mwanya wake. Unaubana kwa nati pacha, au kwa kubadilisha gololi na kuweka zilizo kubwa zaidi kwa mikroni chache. Usiitoe nati kwenye skrubu bila bomba lenye kipenyo cha kiini cha skrubu la kuipokea. La sivyo utatumia alasiri nzima umepiga magoti ukitafuta gololi chini ya benchi.

Jambo jingine kuhusu skrubu ya gololi ni kwamba inateleza pande zote mbili. Skrubu ya trapeza ya uzi mmoja kwa kawaida hujifunga yenyewe: ukizima umeme, kichwa kinabaki palepale. Ya gololi haina huruma hiyo. Kichwa cha Z (mhimili wa juu na chini) chenye uzito kitashuka polepole juu ya kazi yako.

Kuiachia kompyuta

Programu zinazoendesha mashine zinaweza kufidia plei, ila si zote: LinuxCNC ina thamani ya BACKLASH kwenye faili la mipangilio ya kila mhimili, Mach3 ina ukurasa wake, ilhali Grbl ya kawaida haina. Kazi yake ni moja: mhimili ukigeuka, programu inaongeza hatua za kumaliza mwanya kabla ya kuhesabu mwendo.

Kwa kutoboa mashimo inasaidia kweli. Meza inafika, inasimama, shimo linatobolewa. Tatizo ni pale kikatio kinaposukuma pembeni. Programu inajua nati iko upande gani wa mwanya, lakini haiwezi kuishikilia meza huko. Nguvu ya kikatio ikivuta, meza inavuka mwanya wote bila mota kusogea hata hatua moja, na programu haina taarifa. Na kwenye duara, ule mruko wa kumaliza mwanya unahitaji muda, hivyo unaacha alama ndogo yake mwenyewe. Mimi huiwasha mwisho kabisa, plei ikiwa imeshashuka chini ya 0.05, na huingiza namba ndogo kidogo kuliko ile niliyopima.

Hapa ndipo mwelekeo wa kukata unapoingia. Meno ya kikatio yakipambana na mwendo wa meza, yanaisukuma nyuma muda wote, na mwanya unabaki umefungwa upande mmoja. Meno yakifuata mwendo wa meza, yanaivuta. Meza yenye plei inaruka mbele ghafla, jino linauma chuma mara mbili ya kiasi chake, na kikatio chembamba kinakatika kwa mlio ambao hausahauliki. Programu nyingi za kutengeneza njia za kikatio huchagua mwelekeo huu wa pili kama kawaida yake, kwa sababu kwenye mashine imara unaacha uso laini zaidi. Kwenye mashine yenye plei, badilisha chaguo hilo kabla ya kubadilisha chuma chochote. Haligharimu senti. Mashimo nayo yafikie kutoka upande mmoja kila mara, ukipitiliza kidogo na kurudi, na mhimili usiotumika ukaze gibi yake wakati mwingine unafanya kazi.

Z ina tabia yake. Uzito wa kichwa huwa unafunga mwanya upande wa chini, na wengi huishi miaka bila kujua Z ina plei. Kikatio chenye mikunjo ya kupandisha unga hujivuta kwenda chini, hivyo kwa uzito huo hakibadilishi kitu. Shida huanza mtu akifunga springi ya gesi kumpunguzia mota mzigo, na akaichagua ilingane kabisa na uzito wa kichwa. Kichwa kinaelea katikati ya mwanya, hakilali juu wala chini, na kikatio kinakipeleka kinakotaka. Chagua springi iliyo dhaifu wazi kuliko uzito, au yenye nguvu wazi kuupita, kisha sukuma kichwa juu kwa mkono huku saa ikiwa imegusa. Mshale ukiruka kwa nguvu ya kidole, kichwa bado kinaelea.